Mwaka Niliofichiwa Visu

Mwaka jana, kabla ya masika, alikuja kwangu mama mmoja wa kitongoji cha juu. Alinipa shikamoo, akaingia, na kabla ya kukaa akafunga mlango. Nikajua hajaja kwa habari ya mbao. Wanaokuja kwa habari ya mbao huacha mlango wazi na kuongea kwa sauti. Huyu alikaa ukingoni mwa kiti, akasokota ncha ya kanga yake, akasema, "Mzee, nasikia na wewe uliwahi."

"Niliwahi nini?"

Akageuka kuutazama mlango alioufunga.

"Kuwa kichaa? Sema tu, mama. Neno hilo nimetembea nalo tangu nikiwa kijana, haliniumi tena."

Hapo akalia. Ana binti aliyerudi kutoka chuoni katikati ya mwaka. Hali chakula, halali usiku, anajibizana na ukuta. Tuliongea mpaka chai ikapoa. Alipoondoka niliona kwamba nimetoa maneno ambayo hata wanangu hawajayasikia yote, na kwamba wako wengine ambao hawatapata nguvu ya kuja kufunga mlango wangu. Ndiyo maana naandika. Naandika polepole, ukurasa mmoja kwa wiki, maana mimi si mtu wa shule. Niliishia darasa la pili, na herufi zilizobaki nikazipata ukubwani kwenye kisomo cha watu wazima. Lakini nyumba hii ya matofali ya kuchoma, dari yake nimeipasua kwa mikono yangu, na hakuna mtu anayeweza kusema alinisaidia hata msumari. Kwa hiyo nisome kama unavyomsikiliza fundi.

Usinitafutie hapa maelezo ya ugonjwa unatoka wapi. Siyajui. Najua ulivyoingia, nilivyokaa nao, na ulivyoniachia.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili au mitatu, mpasuaji wa mbao. Siku hizo za Azimio la Arusha mashine zilikuwa chache, na msitu wa juu huku njia ya Mtae ulikuwa na miti ya mikulo ambayo watu watatu wakishikana mikono hawaizunguki. Tulipasua kwa msumeno mrefu wa watu wawili. Gogo linapandishwa juu ya jukwaa la miti, linapigwa uzi wenye mkaa ili kuweka mstari. Mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine anasimama chini yake shimoni. Wa juu ndiye anayeuona mstari. Wa chini haoni kitu, vumbi lote la mbao linamwagikia usoni. Na sheria ya kazi ni moja: hakuna anayesukuma. Wa chini anavuta kwake, kisha analegeza. Wa juu anavuta kwake, kisha analegeza. Ukisukuma unaupinda msumeno, na ubao unapinda nao.

Mwenzangu aliitwa Hemedi, Mpare aliyeoa huku kwetu. Alinizidi miaka mitano sita hivi. Yeye alikuwa juu, mimi chini. Mimi Mlutheri, yeye Mwislamu, na katika miaka mitatu hatukugombana ila kwa chumvi ya maharage. Watu walimtania kwamba Mpare akikanyagwa kidole atakwenda mahakamani mpaka auze ng'ombe. Yeye anajibu, "Na nikishinda kesi nitanunua mlima wenu huu, muwe wapangaji wangu."

Ilianza kipupwe, miezi ile ambayo ukungu haunyanyuki mpaka saa sita. Usingizi uliniacha kwanza. Halafu hamu ya chakula. Halafu msumeno ukaanza kutaja jina langu. Ukishuka, Zaka. Ukipanda, Zaka. Kutwa nzima niko shimoni naitwa na chuma. Sikumwambia mtu. Nilidhani kila mtu angejua mwenyewe, maana mimi niliusikia wazi kama ninavyosikia mvua kwenye bati. Baadaye nikaanza kuamini kwamba ni Hemedi anayeufundisha msumeno kunisema, kwa kuwa yeye yuko juu na mimi nimezikwa chini. Nikaacha kula alichopika. Akaniuliza, "Msambaa, umefunga Ramadhani peke yako?" Sikucheka.

Kilichofuata nimekiandika mara tatu na kukifuta. Nakiandika sasa na sitakifuta. Asubuhi moja nilitoka shimoni, nikachukua shoka, nikakata nguzo ya jukwaa Hemedi akiwa juu yake. Gogo liliporomoka, naye akaporomoka nalo, mguu wake wa kushoto ukavunjika juu ya kifundo. Nilisimama pale na shoka mkononi. Alikuwa amelala kwenye vumbi la mbao, midomo imekuwa ya kijivu. Hakupiga kelele. Alisema, "Zaka. Weka shoka chini, uniletee maji."

Nikaliweka. Nikamletea maji.

Mpaka leo sijui kwa nini nilimsikia. Wengi walikuwa wananisemesha kichwani wakati ule, na sauti yake ilipita katikati yao. Nashukuru kwa hilo kabla ya mengine yote.

Nyumbani nilifungwa kamba kwenye nguzo ya jikoni. Msilaumu, hawakujua lingine la kufanya. Kaka yangu Nataneli, mzee wa kanisa, alileta watu wa maombi, wakaniombea siku tatu. Alipokwenda shambani, mama akamwita mganga wa ukoo, wakachinja mbuzi mweusi, wakafanya fika, ambalo ni tambiko letu kwa wazee waliotangulia. Kaka aliporudi akaona damu mlangoni.

"Mama, wewe unashiriki meza ya Bwana."

"Ninashiriki. Na huyu nimemzaa mimi. Wewe ulimzaa?"

Hawakusemeshana wiki nzima. Nikiwa kwenye kamba yangu niliwasikia wakipita kila mmoja na upande wake. Kama una mgonjwa wa namna hii nyumbani, jua kwamba nyumba nzima inaugua. Kwetu walianza kugombana hata kwa namna ya kufunga mlango wa zizi.

Aliyemaliza ugomvi ni mganga wa zahanati. Alikuja kumtazama Hemedi mguu, akapita kwetu kunitazama mimi. Alisema iko hospitali ya misheni mlima wa ng'ambo, ya wagonjwa wa akili, nipelekwe kesho. Kaka akamwambia, "Tutampandishaje kwenye basi na kamba?" Asubuhi tulipofika kwenye basi mama aliikata ile kamba, akachukua kanga yake, akafunga mkono wangu na wake pamoja. Tulishuka mpaka Mombo namna hiyo, tukapanda gari jingine namna hiyo. Aliyetuona aliona mama ameshikana mkono na mwanawe. Nilikuwa mgonjwa, lakini hilo nililielewa.

Kule kulikuwa na benchi refu la ukutani, limeng'aa kwa makalio ya watu. Wagonjwa na wenye wagonjwa tulikaa mchanganyiko, na sikuweza kujua nani ni nani. Mzee mmoja aliyevaa koti zuri alinieleza kwa heshima kwamba amemleta mkewe. Baadaye mkewe akatoka chumbani, akamshika mkono, akamwingiza. Ni yeye aliyekuwa ameletwa.

Daktari alikuwa mtu wa bara, hakijui Kishambaa, na mama Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni.

"Mama, kabla ya kumleta hapa mlifanya nini?"

"Tulifanya fika."

"Ndiyo, mmefika, karibuni sana. Nauliza kabla."

"Kabla ndiyo tulifanya fika. Na mbuzi."

"Mmefika na mbuzi?"

Kaka akajifunika uso. Mimi nilikuwa sijacheka tangu ukungu uanze, na pale kitu kikanitekenya kifuani kama mdudu. Kikapita. Daktari akanigeukia.

"Na wewe, kijana, unasikia sauti?"

"Nasikia."

"Zinasemaje?"

"Zinasema wa pili aingie."

Kwa sababu pale mlangoni kulikuwa na mtu anaita watu, na mimi si kiziwi. Daktari akatabasamu, akauliza tena kwa namna nyingine. Safari hiyo nikamwambia habari ya msumeno. Yeye ndiye mtu wa kwanza kuisikia. Hakushtuka. Aliandika tu, kama mtu anayeandika kwamba fulani anaumwa jino. Siwezi kukueleza ule wepesi. Nilikuwa nimebeba gogo peke yangu, na mtu akashika ncha ya pili.

Mama alipoondoka aliniachia ile kanga.

Sindano zilianza vuli. Zilininyamazishia msumeno, kwanza ukawa wa mbali, halafu wa siku moja moja, halafu sikumbuki siku ulipoacha. Lakini zilichukua na vingine. Mdomo ulikauka kama nimekula majivu. Mikono ikatetemeka. Shingo na mgongo vikakaza, nikawa natembea kama mtu aliyefungwa ubao ndani ya shati. Ulimi ulikuwa mzito, mate yakinitoka nikilala. Nikanenepa, mimi niliyekuwa kamba tupu. Kilichonitisha kuliko vyote ni viganja. Mpasuaji ana sugu hapa chini ya vidole, ngumu kama kwato, anazipata kwa miaka. Nilikaa ukutani nikaziona zikibanduka moja moja, chini yake ngozi nyekundu, laini, ya mtu aliyezaliwa jana. Nikamwonyesha dada wa wodi, tulikuwa tunamwita Dada Neema.

"Dada, nimekwisha. Tazama."

"Nini? Umepata mikono ya karani. Watu wanasoma miaka wapate hiyo."

"Mimi si karani. Mimi mpasuaji."

"Sawa, mpasuaji. Njoo jikoni."

Jikoni kulikuwa na gunia la viazi mviringo. Akanipa kisu. Nikakitazama. Tangu siku ile ya shoka sikuwa nimeshika kitu chenye makali.

"Mimi?"

"Kuna Zakaria mwingine humu?"

Halafu akafanya jambo ambalo yeye pengine alilisahau siku hiyohiyo. Alinigeuzia mgongo, akaenda kukoroga uji. Nilimenya viazi nikimtazama mgongo wake. Maganda niliyatoa mazito, nusu ya kiazi ilikwenda na ganda kwa kutetemeka kule. Hakugeuka. Nilipomaliza alitazama ndoo, akasema, "Kesho ganda liwe jembamba, hatulishi nguruwe hapa." Nikaenda kitandani kwangu mchana ule nikajifunika ile kanga ya mama, nikalia kwa raha.

Nilimenya viazi mpaka mapeasi yakaisha mitini. Masika ilipoanza nikaruhusiwa kurudi nyumbani, sindano nitachomwa zahanati kila mwezi.

Sasa nakuja kwenye sehemu ambayo hakuna aliyenionya. Nilidhani nimerudi. Siku ya kwanza kulikuwa na nyama mezani, mama alinichinjia jogoo, na nikatafuta kisu nikatie ndizi. Hakikuwepo. Mama akazivunja kwa mikono, akaniwekea. Kesho yake nilitafuta panga nikakate majani ya mbuzi. Halikuwepo. Shoka halikuwepo, mundu haukuwepo, hata wembe. Kaka alikuwa amekusanya kila chenye makali, akakipeleka kwa balozi wa nyumba kumi. Wanawake wa nyumba yetu walikwenda kwa balozi kuazima visu vyao wenyewe, wakate mboga huko, warudi na mboga iliyokatwa.

Ndevu zikaota. Kila Jumamosi kaka alileta wembe mfukoni, akaninyoa uani, mlango wa nyuma wazi na watoto wake wamepelekwa kwa jirani. Alininyoa vizuri, sitamsingizia. Mkono wake ulitetemeka kuliko wangu, na mimi ndiye niliyekuwa na sababu ya dawa.

Siku moja nikamwambia, "Kaka, hospitali ya vichaa walinipa kisu. Nyumbani kwa wenye akili mnanificha."

Akaendelea kunyoa. "Hospitali wana ukuta na walinzi. Mimi nina watoto wanne."

"Unaniogopa?"

"Ndiyo."

Alisema hivyo tu. Niliumia, nikamchukia kwa miezi. Leo mimi ni mtu mzima mwenye wajukuu, nasema alikuwa na haki ya kuogopa, na afadhali yeye aliyesema kuliko waliocheka nami mbele na kuvuta watoto nyuma.

Kwenye shamba la ujamaa ilikuwa vilevile. Kila mtu alikuja na jembe au panga, jina likasomwa, akapewa sehemu yake. Jina langu liliposomwa, katibu alisema, "Zakaria, maji." Nilibeba maji na wasichana. Wakanipa jina, Zaka Ndoo. Nilikuwa na mabega ya kubeba ncha ya gogo na ninachota maji ya kunywa wenzangu. Nikiwa mgonjwa nilijua kwamba naitwa na msumeno. Nilipopona sikujua naitwa nani. Mpasuaji asiyeruhusiwa kushika msumeno ni nani? Hilo ndilo lililokuwa likinila, wala siyo ugonjwa tena. Kama nisingerudishiwa makali nisingekuwa mtu kijijini pale. Ningekuwa mgonjwa aliyetulia mpaka kufa.

Na juu ya hayo, sikuwa nimekwenda kwa Hemedi. Mama alikwenda mara mbili na maharage. Aliporudi alisema, "Anatembea. Kwa fimbo, lakini anatembea." Watu walisubiri aende mahakamani, Mpare mwenye haki yote mkononi, na hakwenda. Wakasema kule kuanguka kumemharibu na yeye.

Nilikwenda mwisho wa masika. Nilimkuta barazani kwake, msumeno wetu umelazwa mapajani, ananoa meno kwa tupa. Nikasema, "Shikamoo."

Akainua kichwa. "Shikamoo ya nini? Mimi nimekuwa babu yako lini? Mguu ndio umezeeka, mwenyewe bado."

Nikakaa chini, si kwenye kigoda. Alinoa jino moja, akaja la pili. Nikasema, "Hemedi, nilikukata."

"Ulikata nguzo. Mimi niliangushwa na gogo."

"Nilijua uko juu."

"Najua ulijua." Akaipuliza tupa. "Nilikuona macho. Nilikuona tangu wiki tatu kabla, Zaka, chakula huli, unanitazama kama nyoka. Nikasema moyoni, huyu anaumwa, nitamwambia kesho. Nikawa nakwepa. Kila kesho nikaona mbao hazijatosha. Kwa hiyo na mimi niliona mstari, nikaacha msumeno utoke nje."

Sikutegemea neno hilo. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nikamwambia nitamlimia shamba lake mpaka mguu upone.

"Jembe utaazima kwa balozi?"

Kumbe habari zote anazo. Tukacheka, nami nikacheka mpaka mate yakanitoka, yale ya dawa, na hakutazama pembeni.

Kipupwe kikaja tena. Niliogopa ukungu ule kama mtu anavyoogopa mbwa aliyemuuma. Nilikuwa naamka nasikiliza kwanza, ndipo nafungua macho. Palikuwa kimya.

Katikati ya kipupwe ukaitishwa mkutano wa kijiji pale ghalani. Shule ilikuwa imejaa watoto wanakaa sakafuni, na madawati yanatakiwa. Kibali cha miti kilikuwa kimetoka. Mwenyekiti akasema, "Ndugu wananchi, miti tunayo. Wapasuaji?"

Wenye ufundi walikuwa wamekwenda Shume kwenye kazi nyingine. Aliyebaki ni Hemedi. Akanyanyuka kwa fimbo yake.

"Mimi juu ya gogo sipandi tena. Nitakaa chini. Juu aende Zakaria."

Mimi nilikuwa mlangoni na ndoo.

Mwenyekiti akakohoa. "Ndugu Hemedi, huyo si ndiye aliyekuvunja?"

"Najua aliyenivunja. Nilikuwepo."

Watu wakacheka kidogo, kwa woga. Mzee mmoja nyuma akasema, "Mpare ana ujanja huyu. Anataka avunjwe mguu wa pili, atufungulie kesi kijiji kizima."

"Nikivunjwa wa pili," Hemedi akajibu, "mtanibeba nyote kwa zamu mpaka nife, na mimi ni mzito." Halafu akaacha utani. "Nimepasua na watu saba maishani. Wote walisukuma, isipokuwa huyu. Alipoumwa aliumwa. Mimi nimeumwa malaria nikamtukana mama mkwe, na bado mnanipa chai. Wa zahanati anasema amepona. Mimi ndiye nitakayekuwa chini ya meno, siyo ninyi."

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya, lakini alitaka jina la kuandika. Akauliza, "Nani wa nyumba yake anasimama kwa ajili yake?"

Sikuthubutu kumtazama kaka. Niliitazama ndoo. Nikasikia benchi likilia. Nataneli alikuwa amesimama. Mtu mrefu, kofia mkononi.

"Mimi nilimficha visu," akasema. "Mimi nitampelekea shoka."

Akakaa.

Alileta kweli. Siku ya kazi alipanda mlima wote ule na shoka begani, jembamba la baba, ambalo sikuwa nimeliona mwaka mzima. Alinipa mkononi. Mpini ulikuwa upande wangu na makali yalikuwa upande wake, yanaelekea tumboni kwake. Hakuachia haraka. Akanitazama usoni, akaachia. Tulikata nguzo za jukwaa jipya pamoja, mimi na yeye, na hakurudi nyumbani mpaka gogo lilipokaa juu.

Nikapiga uzi. Nikapanda. Sikuwa nimewahi kusimama pale juu. Pale palikuwa pa Hemedi. Unaona bonde lote, mashamba ya viazi, bati la kanisa. Mikono laini ya karani, mgongo wa ubao, na chini ya miguu yangu mtu niliyemwangusha, amesimama kwenye mguu mmoja na nusu, uso umeelekea juu kwenye meno ya msumeno.

"Unauona mstari?" akauliza kutoka chini.

"Nauona."

"Mimi sioni kitu. Nakusikiliza wewe."

Tukaanza. Msumeno ulishuka, ukapanda, na mimi sikuwa nafanya kazi, nilikuwa nasikiliza. Ulishuka tena. Nilikuwa nimeubana kwa hofu, naukandamiza ushuke, kama mtu anayemziba mtu mdomo.

"Unasukuma, Msambaa."

"Sisukumi."

"Unasukuma. Vuta kwako. Kwangu niachie mimi."

Nikalegeza. Akavuta. Nikavuta. Akalegeza. Msumeno ulisema kile ambacho misumeno inasema. Chuma na mti, basi. Haukumjua mtu.

Malengelenge yalinitoka viganjani kabla ya adhuhuri. Nikayafurahia. Nilijua ni mwanzo wa sugu.

Ubao wa kwanza ulipinda pale mwanzoni, kama urefu wa mkono, ambapo nilikuwa nasukuma, kisha ukanyooka mpaka mwisho. Mwenyekiti aliukataa kwa dawati. Nikauomba. Ndio meza hii ninayoandikia. Hemedi alikaa hapa mara nyingi kunywa chai yangu, mpaka alipotangulia, mzee mwenye kifimbo na wajukuu, na hakuwahi kushtaki mtu. Kaka naye ametangulia. Ndevu zangu najinyoa mwenyewe, na kila Jumamosi namkumbuka.

Sindano niliendelea nazo miaka. Kuna kipupwe kimoja ugonjwa ulitaka kurudi, nikamwambia mke wangu siku ya kwanza, si ya ishirini, tukaenda zahanati tukiwa tunatembea kwa miguu yetu. Hilo ndilo nililojifunza, kusema mapema. Nimelea watoto watano. Nimepasua madawati, milango, na majeneza ya watu walioniita Zaka Ndoo.

Yule mama aliniuliza, "Nifanye nini, mzee?" Nilimwambia ampeleke binti hospitali kwanza, asichague kati ya maombi na sindano, maana mikono miwili inatosha vyote viwili. Nikamuuliza, "Umeficha visu?" Akainamisha kichwa akasema ameficha. Nikamwambia amefanya sawa. "Lakini wa hospitali wakisema sasa amepata nafuu, usichelewe kama sisi. Siku hiyo mpe kisu, halafu mgeuzie mgongo. Hapo kwenye mgongo ndipo kazi ilipo."

Wiki hii, nikiwa nakaribia kumaliza kuandika, amerudi. Hakufunga mlango. Alisema binti alimenya viazi jana, viazi vya nyumba nzima, naye akasimama amempa mgongo, anakoroga uji ambao ulikuwa umeshaiva zamani.

Nikamuuliza, "Ulisikia nini nyuma yako?"

"Maganda, mzee," akasema. "Yanadondoka kwenye ndoo."